Mashini ya Javel inatoa mapovu lakini dawa haina nguvu: tuangalie wapi kwanza?

Kando ya ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Kalemie, hakuna asiyejua kolera. Kwa hiyo chama chenye mashini ya kutengeneza Javel kwa chumvi na umeme kinabeba jukumu kubwa: jamaa nyingi zinakunywa maji kwa kuiamini. Mashini ikikufa kabisa, angalau watu wanajua na wanachemsha maji. Hatari kubwa ni ile mashini ambayo bado iko inatoa mapovu na harufu, kumbe Javel yake ni nyepesi kama maji matupu.

Basi tukumbushane namna inavyofanya kazi. Ni ndugu mdogo wa zile mashini zinazosafisha maji ya pisini kwenye hoteli kubwa. Umeme wa batri unapita katika maji ya chumvi, kati ya plaki mbili. Upande mmoja chumvi inatoa klorini, upande mwingine inatoka hewa ya hidrojeni, na ndiyo mapovu mengi mnayoyaona. Klorini ikichanganyika na yale maji tunapata Javel. Hiyo hidrojeni inashika moto haraka. Mashini ikae inje ao penye madirisha wazi, mbali na makala, kibiriti na sigara.

Javel ikikosa nguvu, wengi wanakimbilia kufungua mashini. Sisi tunasema: anza na chumvi. Kipimo cha mashini nyingi za namna hii ni gramu 25 kwa lita moja ya maji, nayo ikifanya kazi vizuri inatoa Javel ya gramu 6 za klorini kwa lita. Kupima kwa kiganja ndiko kunakoharibu. Kijiko kimoja kimejaa mlima, kingine kimesawazishwa, na kila mtu anasema ametia kimoja. Njia rahisi ni hii: nusu kilo ya chumvi katika bidoni ya lita 20. Ukipima hivyo mara moja, maji ya chumvi yako tayari kwa kazi ya siku kadhaa, na hakuna ubishi. Chumvi ikipungua, umeme unapita kidogo na plaki zinachoka mbele ya wakati. Ikizidi, umeme unapita mwingi mno na nyaya zinapata moto. Chumvi ya soko yenye mchanga iyeyusheni, muache itulie, mchukue maji ya juu tu. Chombo kiwe cha plastiki ao cha kioo, siyo cha chuma.

Chumvi ikiwa sawa, geukia umeme. Pima batri wakati mashini inafanya kazi, siyo wakati imepumzika, maana batri mzee inaonyesha volti 12 nzuri kabisa, kisha inaanguka mara tu unapoipa kazi. Angalia vichwa vya batri: ule unga mweupe ao wa kijani unazuia umeme. Ondoa waya, kwangua, kaza tena. Waya mrefu na mwembamba nao unakula volti njiani. Pangusa vumbi kwenye plaki ya sola. Na waya nyekundu irudi kwenye alama ya kujumlisha (+): ukigeuza nyaya, unaharibu ngozi ya plaki, na hiyo ngozi ndiyo bei yote ya mashini.

Sasa plaki zenyewe. Maji ya visima vingi yana chokaa, nayo inashika kwenye plaki kama ile ganda jeupe ya ndani ya sufuria ya chai. Kwanza osha plaki kwa maji safi mpaka Javel yote iondoke. Halafu loweka katika siki ao maji ya ndimu mpaka ganda ilainike, suuza tena. Usiruke ule mwosho wa kwanza: siki ikikutana na Javel inatoa hewa yenye sumu, inachoma macho na mapafu. Usisugue kwa kisu, msasa wala brosi ya chuma. Plaki ikiwa imetoka ngozi, hakuna fundi wa kuitengeneza. Ni kununua ingine. Misumari ao bati haziwezi kushika nafasi yake, zitatoa kutu tu.

Baada ya kila marekebisho, pima nguvu ya Javel kwa matone ya kupimia yaliyokuja na mashini, kwa kuhesabu tone kwa tone mpaka rangi ipotee. Pua haipimi. Javel ya gramu 6, kijiko kidogo kimoja cha mililita 5 kinatosha bidoni ya lita 20 yenye maji maangavu. Ngojea dakika 30 ndiyo watu wanywe. Maji yenye udongo yachujwe kwa kitambaa kizito na kutulizwa kwanza, kisha kipimo kiwe mara mbili. Kama matone yanaonyesha nguvu imeshuka, msigawe hiyo Javel kwa kunywa hata kama foleni ya mabidoni ni ndefu. Iende kuosha sakafu na vyombo vya mazizi, na watu waambiwe wachemshe.

Javel hii haikai. Jua na joto vinaiua, kwa hiyo iwekeni katika chupa isiyopitisha mwangaza, penye baridi, na mtumie ile ya siku hiyo hiyo. Mama mwenye kugawa aandike tarehe na saa kwenye chupa. Katika daftari la mashini andikeni kila siku kiasi cha chumvi, volti za batri na hesabu ya matone. Mkitulete mashini kwa kutengenezwa, mlete na daftari.