Fahamu Bandari: Safari ya Mbolea na Chai Kati ya Kericho na Kilindini

Kericho haina bahari, lakini mkulima wa majani chai katika kaunti hii huitegemea Bandari ya Mombasa mara mbili: kwanza mbolea inapoingia nchini, kisha chai yake inapouzwa ng'ambo.

Jina Kilindini linatokana na kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Meli kubwa zilihitaji kina hicho, majahazi yakabaki Bandari ya Kale, upande wa pili wa kisiwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Leo shehena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo pia hupitia bandari hiyo.

Mbolea nyingi husafirishwa melini bila kufungashwa. Meli ikifika husubiri nafasi gatini, kisha rubani wa bandari huiongoza kuingia. Kreni huichota mbolea, ikatiwa kwenye magunia ya kilo 50, ndipo malori yakapakia. Meli hukodiwa kwa siku. Gati ikikosekana, au mvua ikisimamisha kazi (mbolea haipatani na maji), kodi huendelea kuhesabiwa. Gharama hiyo haiishii Mombasa. Huingia katika bei ya gunia. Kwa mkulima mdogo wa KTDA, gunia hilo hulipwa kwa kukatwa kwenye pesa za majani.

Chai nayo hutoka kiwandani ikapelekwa kwenye maghala ya Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu 1969. Bei hutajwa kwa dola, na chai ya Uganda, Rwanda na Burundi huuzwa papo hapo. Mnunuzi anapotaja bei yake, nauli ya meli tayari ameshaipigia hesabu.

Ndiyo maana mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yaliwahusu hata watu wa Belgut na Bureti. Meli nyingi za kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ndefu na ya gharama zaidi. Chai ya Pakistan, mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, haipiti huko, na hiyo ilikuwa nafuu. Lakini Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, na makontena ya chai iliyokusudiwa kwenda huko yakakwama Mombasa.

Mkulima wa KTDA ni mwenyehisa wa kiwanda chake. Katika mkutano wa mwaka, kabla ya kujadili bonasi, anaweza kuwauliza wakurugenzi: meli ya mbolea ilisubiri siku ngapi kabla ya kupakuliwa, na chai ya kiwanda imekaa ghalani Mombasa kwa wiki ngapi bila kuuzwa?