SOMA KABLA YA KUKUBALI
Somo: Kutunza Kompyuta kwa Amri

Leo tunajifunza kutunza kompyuta kwa kuandika amri. Usiogope. Kazi hii inataka mambo mawili ambayo tayari unayo: kusoma na kuandika.

Programu kuu

Kompyuta haiendi bila programu kuu ya kuiendesha. Nyingine huuzwa, nyingine ni huria. Ya huria, kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuona ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Moja ya hizo ni Debian. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mpaka leo inatunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi.

Kwa nini itunzwe? Programu ni kama paa la makuti. Kwa chini unaliona zima, kumbe lina tundu. Watunzaji wakigundua tundu hutoa kiraka. Usipokibandika, mwizi wa taarifa anaweza kupita hapo. Na kama mle ndani mna hesabu za chama chenu cha ushirika, hasara ni ya wanachama wote.

Hatua za kufuata

1. Weka nakala. Nakili hesabu na barua zako kwenye flashi. Kisha ichomoe uiweke mahali pa usalama.

2. Fungua dirisha la amri. Andika df -h, bonyeza Enter. Utaona nafasi iliyotumika na iliyobaki. Kama diski imejaa, simama kwanza upunguze mzigo.

3. Unganisha intaneti. Andika sudo apt update. Neno sudo ni kuomba madaraka ya msimamizi, kwa hiyo lazima mwenye kompyuta awe amekuruhusu. Utaulizwa neno la siri. Ukiandika, herufi hazionekani. Usidhani vitufe vimekufa! Amri hii huleta orodha mpya tu. Programu zako bado hazijaguswa.

4. Andika sudo apt upgrade. Kompyuta itaonyesha vitu itakavyobadilisha, kisha itauliza: [Y/n]. Y ni ndiyo, n ni hapana. Hebu angalia vizuri: Y ni herufi kubwa. Maana yake, ukibonyeza Enter bila kuandika jibu, umehesabiwa umekubali.

5. Kabla ya kujibu, soma orodha yote. Ukitumia amri nyingine za apt, tafuta neno REMOVED au REMOVING. Hayo ni majina ya vitu vitakavyoondolewa. Usipovielewa, jibu n, halafu uliza mwenye ujuzi.

Yaliyotokea mwaka 2021

Linus Sebastian wa Kanada ni mtu maarufu kwa filamu zake za kueleza habari za kompyuta. Mwaka 2021 alikuwa anajaribu programu kuu huria inayoitwa Pop!_OS, ambayo nayo hutumia amri za apt. Alitaka kuweka Steam, programu ya michezo. Kumbe siku zile palikuwa na kasoro katika vifurushi. Kompyuta ikaorodhesha vitu vingi vya kuondolewa. Ikaonya kwamba kuna hatari. Ikamtaka aandike sentensi nzima: "Yes, do as I say!", yaani, "Ndiyo, fanya nisemavyo!"

Akaandika. Kompyuta ikatii. Ikaondoa programu zinazoonyesha madirisha na picha kwenye kioo, akabaki na maandishi matupu.

Kasoro haikuwa yake, na baadaye watengenezaji waliongeza kinga. Lakini onyo lilikuwapo mbele ya macho yake. Kompyuta haijui ulichokusudia. Inajua ulichoandika tu.

Tukumbuke

Zamani wengi wetu tuliwekeshwa dole gumba kwenye karatasi tusizoweza kuzisoma. Mkopo, shamba, deni, yote kwa dole. Tukaingia darasani ili jambo hilo lisitupate tena. Basi, kubonyeza Y bila kusoma ni dole gumba lile lile. Tofauti ni kwamba leo kusoma tunajua.

Fanya kazi hii angalau mara moja kwa wiki, na usiifanye kwa haraka.

Maswali ya kujadiliana

1. Amri ya update na ya upgrade zinatofautianaje?
2. Kwa nini tunaweka nakala kwanza?
3. Katika kikundi chenu, nani asome orodha pamoja na mtunza kompyuta kabla ya kujibu Y?