Zafarani ya Kombe: Ni Dawa ya Nini?

Desturi ya kuandika aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha kuiosha na kumnywesha mgonjwa maji yake, ilitoka pwani ikafika mpaka huku Machakos pamoja na Waislamu walioifuata njia ya misafara ya Mombasa. Wanavyuoni wameijadili tangu zamani. Ibn Taymiyya ameijuzisha, na wako walioichukia. Hilo hatulirudii leo. Neno letu ni juu ya zafarani yenyewe: ina nini ndani yake, na je, yafaa mgonjwa aache dawa za hospitali kwa ajili yake?

Zafarani ni nyuzi tatu nyekundu zilizo kati ya ua dogo la zambarau. Gramu moja yataka maua kiasi cha 150, yachumwe kwa mkono, na sehemu kubwa yatoka Iran. Rangi yake ni ya kitu kiitwacho krosini. Krosini ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti na ya mawese. Lakini hizo, kama ajuavyo kila mpishi, hukaa katika mafuta wala hazikubali maji. Krosini imeshikana na sukari katika ncha zake mbili, na kwa sukari hiyo huyeyuka majini. Ndiyo sababu maandishi ya kombe hutoka sahanini kwa maji matupu. Ikifika tumboni sukari huvuliwa, ikabaki krosetini, na hiyo ndiyo iingiayo damuni.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja zafarani kuwa hufurahisha moyo. Matabibu wa Iran wa zama zetu wameijaribu kwa jambo lililo karibu na hilo: huzuni iliyokwisha kuwa maradhi. Tehran, mwaka 2004, wagonjwa 30 waligawanywa. Kundi moja likapewa zafarani miligramu 30 kwa siku, la pili dawa ya imipramini. Baada ya wiki 6 hali zao zilikaribiana. Mwaka 2015, huko Mashhad, ilijaribiwa krosini peke yake kwa wagonjwa 40, muda wa wiki 4, na walioipata walipata nafuu kuliko wenziwao. Lakini msomaji na atazame vyema: wote 40 walikuwa wakimeza dawa zao za hospitali. Krosini iliongezwa juu ya dawa, haikushika mahali pake. Na watu 40 ni wachache mno kuwa hoja. Sembuse kumwachisha mtu dawa ya malaria au ya kisukari!

Tena kipimo kina mpaka. Gramu 5 na zaidi ni sumu, na mwenye mimba asizidishe kile cha chakulani.

Baya zaidi ni kuwa, kwa ughali wake, makombe mengi siku hizi huandikwa kwa rangi ya chakula ya unga, isiyo na krosini hata chembe. Anunuaye nyuzi na atie chache katika maji baridi. Za kweli hutoa umanjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Za uongo humwaga wekundu mara moja, uzi ukapauka.