Urari wa Malipo ya Nchi na Pato la Taifa: Mafunzo Kutoka Kibondo na Kasulu

Mwaka 2022 nakisi ya urari wa malipo ya kawaida ya Tanzania ilizidi asilimia 5 ya Pato la Taifa. Ilipofika mwaka 2024 nakisi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 4. Wengi wasikiapo takwimu za namna hii hudhani kwamba asilimia ndogo ni sifa na asilimia kubwa ni aibu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi asilimia hiyo inavyopatikana, na kwa nini haifai kuihukumu kabla ya kujua kilicho nyuma yake. Mifano yetu itatoka katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, ambako mpaka wa Burundi u karibu na mambo ya hesabu hizi huonekana kwa macho sokoni na shambani.

Mafungu matatu

Urari wa malipo ya kawaida ni tofauti kati ya mapato ambayo wakaazi wa nchi hupata kutoka nje na malipo wanayopeleka nje katika mwaka mmoja. Hesabu yake ina mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni biashara ya bidhaa na huduma. Kahawa ya Kasulu inayouzwa ng'ambo huingiza fedha. Dizeli inayoagizwa kutoka ng'ambo huzitoa.

Fungu la pili ni mapato ya kazi na ya mitaji. Kibarua kutoka Burundi avukaye mpaka kulima msimu mmoja Kibondo, kisha akarudi kwao na ujira wake, ameuza kazi yake kwetu. Ujira huo huandikwa upande wa malipo yetu. Riba tunayolipia mikopo ya nje na faida wanazopata wenye mitaji wa kigeni huandikwa upande huo huo.

Fungu la tatu ni vitu na fedha zitolewazo bila kudai kitu badala yake, kama vile misaada, na fedha ambazo ndugu walio ng'ambo huwapelekea jamaa zao.

Tuchukue nchi ya kubuni. Imeuza nje bidhaa na huduma za dola milioni 15,000, ikaagiza za dola milioni 18,000. Katika fungu la pili imelipa dola milioni 1,500 zaidi ya ilizopokea, na katika fungu la tatu imepokea dola milioni 500 zaidi ya ilizotoa. Basi nakisi yake ni 3,000 kuongeza 1,500 kutoa 500, yaani dola milioni 4,000. Ikiwa Pato la Taifa la nchi hiyo ni dola milioni 80,000, nakisi ni asilimia 5.

Kwa nini tugawanye kwa Pato la Taifa?

Deni la gunia moja ni zito kwa mkulima avunaye magunia matano, bali ni jepesi kwa avunaye hamsini. Ndiyo maana nakisi hupimwa kwa ukubwa wa uchumi wenyewe. Hata hivyo, kipimo hiki kina hila yake: asilimia inaweza kubadilika bila ya nakisi yenyewe kubadilika. Mwezi Desemba 2014 Tanzania ilianza kukokotoa Pato la Taifa kwa kutumia mwaka 2007 kuwa mwaka wa kizio badala ya 2001, na shughuli nyingi ambazo hazikuwa zikihesabiwa vizuri zikaingizwa. Pato likaonekana kubwa zaidi kwa zaidi ya robo. Nakisi ile ile, ikigawanywa kwa pato lililokua hivyo, ilitoa asilimia ndogo zaidi, ingawa hakuna mkulima aliyeongeza hata debe moja la maharage.

Akiba na uwekezaji

Nakisi hasa ni nini? Chukua kaya moja ya Kasulu iliyovuna mazao yenye thamani ya magunia 20. Imetumia 18 kwa chakula na mahitaji mengine, ikabakiza akiba ya magunia 2. Mwaka huo huo imejenga ghala na kununua miche kwa gharama ya magunia 3. Gunia moja lililopungua imelipata kwa jirani. Nakisi ya kaya hiyo ni gunia 1 kati ya 20, nayo ni asilimia 5 ile ile.

Kwa nchi kanuni ni hiyo hiyo: urari wa malipo ya kawaida ni sawa na akiba ya Taifa kutoa uwekezaji. Nchi yenye nakisi inatumia akiba ya wengine. Swali la maana ni hili: inaitumia kwa jambo gani?

Funzo la kahawa

Mwezi Julai 1975 jalidi, yaani umande ulioganda, iliunguza mibuni ya Brazili. Bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda hadi kuzidi dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Nchi zote zilizouza kahawa zilinufaika, na nakisi ya Tanzania ilipungua sana mwaka huo. Lakini mibuni ya Brazili ilipopona, bei ilishuka. Uagizaji wa bidhaa ulikuwa umelegezwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaanza mwaka 1978, na bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Nakisi ikapanuka upesi na akiba ya fedha za kigeni ikaisha.

Waliokuwa watu wazima siku hizo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Msomaji azingatie jambo hili: nchi isiyo na fedha za kigeni wala wa kuikopesha haiwezi kuendelea na nakisi kubwa, hata ikitaka. Hulazimika kuacha kuagiza. Hivyo nakisi inaweza kupungua kwa sababu tumeuza zaidi, au kwa sababu lori la kubeba mazao limesimama kwa kukosa tairi. Asilimia peke yake haitofautishi hali hizo mbili.

Funzo la chakula cha msaada

Katika hesabu hizi, mkaazi ni mtu anayeishi nchini mwaka mmoja au zaidi, awe raia au asiwe raia. Kwa hiyo wakimbizi waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, au katika kambi ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, ni wakaazi wa Tanzania kihesabu. Mafuta ya kupikia yaliyoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili yao huandikwa mara mbili: katika fungu la kwanza kama bidhaa iliyoagizwa, na katika fungu la tatu kama msaada uliopokewa. Nakisi ya biashara huongezeka, lakini urari mzima haubadiliki hata kidogo. Anayetazama fungu la biashara peke yake atadhani nchi imeingia gharama, kumbe haikulipa kitu.

Funzo la dizeli

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, mafuta yaliyoagizwa kutoka nje kisha yakasafirishwa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani. Mwaka 2022 miji hiyo iliunganishwa na gridi ya Taifa, na majenereta yakazimwa. Mwaka huo huo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta na mbolea, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya nakisi tuliyoitaja mwanzoni.

Vifaa vya kazi kama hiyo vikiagizwa kutoka nje kwa mkopo, mwaka wa ujenzi nakisi huongezeka. Lakini kila lita ya dizeli isiyoagizwa tena hupunguza nakisi za miaka ifuatayo. Nakisi ya kununua waya wa umeme na nakisi ya kununua dizeli ya kuteketezwa usiku mmoja huandikwa kwa tarakimu zile zile, bali matokeo yake hayafanani.

Hitimisho

Inafaa kukumbuka pia kwamba udaga na maharage yavukayo mpaka kwa baiskeli bila kuandikwa ni mauzo ya nje. Yasipohesabiwa, nakisi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo, kila usikiapo asilimia ya nakisi, uliza mambo matatu: pato limehesabiwaje, fungu gani limebadilika, na akiba ya wengine imenunua nini.

Maswali ya kujipima

1. Nchi ina nakisi ya dola milioni 3,000 na Pato la Taifa la dola milioni 60,000. Pato likikokotolewa upya na kuwa dola milioni 75,000, asilimia itabadilika vipi? Je, nchi imetajirika?

2. Mkulima wa Kibondo amemlipa kibarua wa msimu kutoka Burundi, kisha akamuuzia mfanyabiashara wa Burundi magunia kumi ya mahindi. Taja fungu la kila tendo, na upande wake katika hesabu ya Tanzania.