Kwa Nini Mhitimu wa Mikrobiolojia Arudi Darasani?

Mtoto akihitimu shahada ya mikrobiolojia, swali la kwanza la wazazi huwa ni kazi. Akisema anataka kusomea uzamivu, aongeze miaka mitatu au minne akichunguza bakteria, nyumbani si habari njema. Sababu yake tunaweza kuiona hapa hapa Kilifi.

Zamani mtoto akishikwa na homa kali, wengi wetu tulifikiria malaria tu. Kati ya 1998 na 2002, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipima damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya, Kilifi. Matokeo yalichapishwa 2005: bakteria waliokutwa kwenye damu walihusishwa na asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini humo. Zaidi ya robo!

Kipimo chenyewe si cha haraka. Damu kidogo hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa mahali penye joto kama la mwili. Bakteria wakiwemo, huzaana hadi waonekane. Ndipo mtaalamu wa maabara huwatambua, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali aone ipi inawaua. Hayo huchukua siku mbili au zaidi, na mtoto mchanga mwenye maambukizi huenda asizimalize. Kwa hiyo daktari huanza dawa mara moja, akiongozwa na yale yaliyoonekana kwa wagonjwa waliotangulia.

Shahada ya kwanza humfundisha kijana kumtambua bakteria. Uzamivu humkabidhi swali ambalo bado halina jibu. Mbona dawa iliyotibu miaka iliyopita sasa inashindwa? Je, kipimo kinaweza kutoa jibu kwa saa chache badala ya siku?

Kazi ya namna hii haibaki maabara. Chanjo ya Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa Kenya 2001. Ya nimokoka ikafuata 2011. Ni upimaji wa Kilifi, mwaka baada ya mwaka, uliosaidia kuonyesha kwamba magonjwa hayo yalipungua kwa watoto wetu.

Mtafiti akiomba damu ya mwanao, muulize itapimwa nini na kwa faida gani. Una haki ya kukataa, na mtoto atatibiwa vilevile.