Sauti ni ya mwanangu, aliyepiga si yeye

*Nilipigiwa kwa namba ngeni. Sauti ilikuwa ya mwanangu kabisa, analia, kapata ajali, nitume laki tatu haraka. Nikatuma. Jioni akanipigia mwenyewe, mzima. Sasa hata yeye akipiga namtilia shaka. Nifanyeje?*
*Mama J., Tanga*

Pole sana, Mama J. Mzazi yeyote angetuma. Programu za akili mnemba huiga sauti ya mtu kwa kusikia kipande kifupi tu. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha yao iliyotosheka na sekunde 3. Video moja ya mwanao mtandaoni inatosha.

Tapeli hutegemea haraka yako. Ukisikia kilio cha pesa, kata simu, kisha piga namba ya mwanao unayoijua. Asipopokea, mtafute anayeishi naye. Kaeni pia mkubaliane swali la siri, jambo ambalo hamjaliweka mtandaoni, mathalani jina la yule mbuzi wa bibi. Mwambie mwanao asikasirike ukimuuliza.

Pesa ikishatoka, pigia mtandao wako papo hapo. Kama haijatolewa, huenda ikazuiwa. Toa taarifa polisi, na namba ya tapeli itume 15040. Hofu ikikunyima usingizi wiki kadhaa, muone mshauri nasaha hospitalini.