Kishindo cha ghafla: Mwili hutangulia, akili hufuata

WATU wengi hudhani kwamba anayeshtuka ovyo ni mwoga. Sivyo. Hata mtoto mchanga wa siku chache, sufuria ikianguka jikoni, hurusha mikono na kuangua kilio. Hakufundishwa na mtu.

Sauti kubwa ya ghafla ikiingia sikioni, habari haingoji kufika kwenye sehemu ya ubongo inayofikiri. Hupitia shina la ubongo, pale juu ya shingo, na papo hapo amri huteremka kwenye misuli. Macho hufumba baada ya takriban sekunde 0.04 tu. Shingo hukaza, mabega hupanda. Kisha homoni ya adrenalini humwagika katika damu na moyo ukaanza kwenda mbio.

Hata pasipo kushtuka, sikio huwahi kuliko jicho. Mtu akiambiwa abonyeze kidude mara asikiapo mlio, huchukua karibu sekunde 0.15. Akingojea taa iwake, huchukua karibu sekunde 0.2. Katika mbio za mita 100, mkimbiaji akiondoka kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio wa kuanzia, huhesabiwa kuwa ameondoka mapema, kwani inachukuliwa kwamba hakuna binadamu awezaye kusikia na kuchomoka upesi hivyo.

Lakini mkimbiaji amejitayarisha. Miguu yake inajua la kufanya, mlio unaifungulia tu. Asiyejitayarisha ni mambo mengine. Mtu anayevuka Barabara ya Jogoo akipigiwa honi ya matatu ubavuni, huenda akaganda katikati ya njia, au akarudi mbio alikotoka. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hivyo sekunde moja ya kuduwaa inatosha kuleta msiba. Dereva anayetegemea honi badala ya breki amekosea hesabu. Tena honi ikipigwa kutwa kucha, ubongo huizoea na kuipuuza, jambo ambalo wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa.

Mshtuko ukipita, linafuata jambo lenye hatari zaidi: kichwa hugeukia upande sauti ilikotoka, na miguu hutaka kwenda kuona. Hayo ndiyo yaliyotokea katikati ya Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Mwendo wa saa nne unusu asubuhi, watu waliokuwa kazini katika majumba yaliyo karibu na ubalozi wa Marekani walisikia milio ya bunduki na mlipuko wa guruneti. Wengi walikimbilia madirishani kuchungulia. Punde si punde bomu kubwa likalipuka. Watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo vilivyoruka, na wako waliopofuka. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walitii ubongo, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya.

Ubongo huo, hata hivyo, hufundishika. Ukisikia kishindo usichokijua, liache dirisha, lala chini nyuma ya ukuta na ufunike uso kwa mikono. Kuchungulia kutangoja. Na kengele ya zoezi la moto ikilia ofisini, usibaki kitini ukimalizia chai. Zoezi hilo huifundisha miguu njia ya kutokea kabla siku yenyewe haijafika.

Wako pia wanaohitaji daktari. Aliyenusurika ajali au shambulio, na miezi kadhaa baadaye bado anaruka kila mlango unapobamizwa na usiku hapati usingizi, ana maradhi yanayotibika. Vilevile anayezimia anaposhtushwa na sauti, kama vile kengele ya saa alfajiri, apimwe moyo bila kuchelewa, hasa ikiwa katika ukoo wao yuko aliyefariki ghafla angali kijana.